Boma la Chuma Juu ya Maji

Mtu akikuambia amehamia kwenye nyumba ambayo haijaisha, kwetu Tanzania hakuna atakayeshtuka. Tunajua maana yake. Ana kiwanja, ana boma, labda ameshapaua, na kila akipata kidogo anaongeza. Huyu kafika kwenye lenta, yule kaweka grili bila vioo, mwingine kahamia na familia nzima huku chumba kimoja tu ndicho chenye sakafu. Hatucheki, maana wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za namna hiyo.

Hapa Uingereza mambo ni tofauti. Nyumba unainunua ikiwa imekwisha, kwa mkopo utakaoulipa miaka 25 au zaidi, au unapanga mpaka uzeeke. Lakini ipo kona moja ya nchi hii ambako ujenzi wa kudunduliza unaeleweka vizuri tu: kwenye mifereji. Zile boti ndefu nyembamba unazoziona zimefungwa kandokando ya maji, moshi ukitoka kwenye bomba dogo juu ya paa, unaweza kuziagiza zikiwa hazijakamilika. Ukitaka, unapewa ganda tupu la chuma. Ukiongeza hela, wanakufungia injini, propela na usukani, unaondoka nayo ikielea huku ndani ni giza na kutu. Ukiongeza tena, wanaweka madirisha, wanajaza kinga ya baridi kwenye kuta, wanafunika kwa mbao na kupitisha nyaya, ila jiko, choo na kitanda utajijua mwenyewe. Kwa lugha yetu: msingi, boma, boma lililopauliwa.

Mimi na mume wangu tumeagiza la tatu. Tunaishi Birmingham, yeye anafanya kazi hospitali, mimi ni mwandishi wa habari ninayelipwa kwa makala. Tuna binti wa miaka sita. Kodi ya nyumba tunayopanga imepanda mara tatu ndani ya miaka minne, na siku moja tulikaa na kalamu tukaona kwamba akiba yetu yote haitoshi amana ya nyumba ya kawaida, lakini inatosha boti ambayo haijaisha. Hiyo ndiyo sababu. Naisema mapema kwa kuwa watu wengi nikiwaambia wanadhani ni mambo ya mapenzi ya maji na bata. Bata ni wazuri, lakini hesabu ndiyo iliyotupeleka kule.

Karatasi ya kuchagulia ina kurasa nne. Kila mstari una kitu, bei, na kiboksi cha kuweka tiki. Kwa miezi kadhaa karatasi hiyo imekaa mezani kwetu pamoja na chumvi na rimoti. Na katika kuizungukazunguka nimejifunza jambo moja ambalo nadhani linamfaa hata asiyewahi kuona mfereji: orodha ya nyongeza imepangwa kwa namna inayokufanya utoe hela kwa kile utakachokiona kila siku, wakati hela ya kwanza inatakiwa iende kwenye kile ambacho hutakiona tena.

Kiwanja kiko wapi?

Swali la kwanza la maana halikutoka kwa fundi wala kwa muuzaji. Lilitoka Mbagala, kwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mjukuu, nilimweleza mama mpango wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mwanangu, nyumba nimeielewa. Kiwanja kiko wapi?"

Nilijaribu kumweleza kwamba boti haina kiwanja. Akasema, "Kila nyumba ina kiwanja. Kama si chako ni cha mtu, na huyo mtu ndiye mwenye nyumba wako."

Mama yangu hajawahi kuona loki wala gati la mfereji, lakini hapo alikuwa amelishika jambo zima. Mifereji mingi ya Uingereza na Wales, jumla ya kilomita kama 3,200 pamoja na mito, iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililochukua kazi hiyo mwaka 2012 kutoka British Waterways. Ukiwa na leseni yao lakini huna gati la kudumu, sheria ya mwaka 1995 inakutaka uwe safarini kweli: kwa kawaida usikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwa kijana asiye na familia, hayo ni maisha mazuri tu. Kwa mtoto wa darasa la pili anayetakiwa kuwa shuleni kila asubuhi, ni kama kuhama mtaa mara mbili kwa mwezi. Na tangu Aprili 2024 wasio na gati wanaongezewa ada juu ya leseni ya kawaida.

Ukiwa na gati nako kuna aina mbili. Magati mengi yana ruhusa ya kuweka boti tu, ya wikendi na likizo. Gati la makazi, lenye kibali cha mipango miji cha kuishi mwaka mzima, ni machache, na watu wanapanga foleni. Kwa hiyo tuliiweka karatasi ya kurasa nne kando, tukatafuta kiwanja kwanza. Ilituchukua miezi saba kupata nafasi, nusu saa kwa basi kutoka shule. Mama yuko sahihi: ni cha mtu, na tutalipa kila mwezi. Tofauti ni kwamba mwenye gati akitusumbua, tunafungua kamba na nyumba tunaondoka nayo.

Upana

Gati ndilo lililotuamulia swali la pili, ambalo lilikuwa limeanza kutugombanisha. Mume wangu alitaka boti pana. Mimi nilitaka nyembamba. Boti pana ina mita tatu au nne kutoka ukuta hadi ukuta. Unaweka kochi, unaweka meza, mtu anapita bila mwingine kusimama. Boti nyembamba ina mita 2.08 kwa nje. Kwa msomaji wa Dar: ni karibu upana wa Coaster. Ndani, ukishatoa kinga ya baridi na mbao, unabaki na kama mita 1.8. Yetu ina urefu wa mita 17.4, kwa hiyo piga picha Coaster mbili na nusu zilizounganishwa, halafu uniambie kabati la nguo linakaa wapi.

Kipimo hicho kina historia. Katika miaka ya 1760 mhandisi James Brindley alianza kuchimba mfereji wa kuunganisha mito ya Trent na Mersey. Kupandisha boti mlimani anahitaji loki, yaani chumba cha mawe au matofali chenye milango pande zote mbili. Boti inaingia, milango inafungwa, maji yanaongezwa au kupunguzwa, boti inapanda au kushuka kama lifti. Loki pana inakula maji mengi na mawe mengi. Brindley akachagua loki za upana wa futi saba hivi, na mifereji mingine ya Midlands ikamfuata. Zaidi ya miaka 250 baadaye, familia ya Kitanzania inabishana kuhusu kochi kwa sababu ya uamuzi wake.

Boti pana haipiti kwenye loki hizo. Ukiiweka kusini itabaki kwenye maji ya kusini. Ukitaka kuipeleka kaskazini, unakodi lori na winchi. Gati tulilopata liko kwenye mfereji mwembamba. Mjadala ukaisha, ingawa mume wangu bado hutazama boti pana kwa jicho ambalo wanaume wengine hutazamia magari.

Hata urefu una sababu. Boti nyembamba inaweza kufika mita 21 na ushee, lakini baadhi ya loki za kaskazini ni fupi, na mabaharia wa mifereji wanaamini kwamba futi 57, ambazo ndizo hizo mita 17.4, zinafika karibu kila mahali. Hatuna mpango wa kufika kila mahali. Ila kama tutalazimika kuiuza siku moja, atakayeinunua huenda anao.

Kile kitakachofunikwa

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Muuzaji atakuambia "kumi, sita, nne" kwa haraka kama mtu anayetaja namba ya simu yake. Maana yake, bamba la chini ni milimita 10, mbavu za pembeni 6, kuta za kibanda na paa 4. Kwa nyongeza fulani unaweza kupewa bamba la chini la milimita 12. Inasikika vizuri. Nani asiyetaka msingi mnene?

Tulikaa tukauliza: milimita hizo mbili za ziada zinatukinga na nini? Na kutu. Basi kwa nini tusimzuie mwizi mlangoni badala ya kununua sanduku kubwa zaidi? Chuma kikitoka kiwandani kina gamba jeusi juu yake, na rangi ukiipaka juu ya gamba hilo itabanduka nalo. Dawa yake ni kulipulia chembe ngumu kwa mashine ya upepo mpaka chuma kibaki cheupe, kisha kupaka epoksi ya vimiminiko viwili papo hapo. Njia ya kawaida ni lami, na lami inafanya kazi, lakini unatakiwa kuitoa boti majini kila baada ya miaka miwili au mitatu kuipaka upya. Epoksi iliyopakwa vizuri inakaa zaidi. Na wakati bora wa kuipaka ni siku chuma kikiwa kipya, kikavu, ndani ya karakana. Baada ya hapo utakuwa unapigana na kutu iliyokwishatangulia.

Kuna jambo la kushangaza nililigundua kwa kuuliza tu: wajenzi wengine hawapaki chochote chini kabisa, upande unaotazama matope. Hauonekani, basi. Tukaandika kwenye karatasi, kwa mkono, pembeni, kwa sababu hakukuwa na kiboksi chake: chini pia pakwe.

Adui mwingine ni umeme. Ukichomeka waya wa gati, waya wa ardhi unaunganisha chuma chako na chuma cha majirani wote waliochomeka, na maji yanamalizia mzunguko. Umeme mdogo sana unapita usiku na mchana, na chuma cha mmoja kinaliwa taratibu. Yaani unaweza kuishi na jirani mpole kabisa, anayekusalimia kila asubuhi, huku boti yake inakula ukuta wako. Kinga ni anodi za magnesi zilizochomelewa pembeni, ambazo huliwa badala ya boti kwenye maji baridi kama haya yasiyo na chumvi, pamoja na kifaa kidogo kinachokaa kwenye waya wa ardhi na kuzuia umeme huo. Kifaa hicho kiko ukurasa wa nne, mstari wa chini kabisa, baada ya taa za rangi za kwenye ngazi.

Kisha kinga ya baridi. Hapa nilitaka kujua kila kitu, kwa kuwa nimeishi majira tisa ya baridi katika nchi hii na nina maoni. Watu watatu wakilala ndani ya boksi la chuma, wakipumua, wakipika wali, wakianika nguo, hewa yao inajaa unyevu. Unyevu ukigusa chuma baridi unakuwa maji, na maji yanashuka nyuma ya mbao zako nzuri mpaka chini kabisa, mahali ambapo waswahili wa pwani wanapaita ngama. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uzunguke mbele na nyuma ya chombo upendavyo, mwisho utarudi pale chini maji yanakokusanyika. Sikuwahi kudhani methali ile ni maelekezo ya ufundi.

Kinga ya bei ndogo ni vipande vya polistirini vinavyopachikwa kati ya mbavu. Vinaacha mianya, na tena nyaya za umeme za kawaida zikigusana na polistirini muda mrefu, ganda lake linaharibika. Kinga ya bei kubwa ni povu linalopuliziwa moja kwa moja kwenye chuma, likavimba na kuganda bila kuacha nafasi ya hewa. Tumechukua povu. Lakini povu lina sharti lake: likishapuliziwa, huwezi tena kukata au kuchomelea chuma mahali hapo bila kulichimbua, maana linashika moto. Kwa hiyo kila tundu ambalo boti itakuwa nalo maisha yake yote lazima uliamue kabla. Bomba la moshi litatokea wapi? Maji ya sinki yatatoka upande gani? Mlango wa ubavuni uwe wapi? Unakaa kwenye fleti ya kupanga, na penseli, unaamua mahali utakapomwaga maji ya vyombo miaka 20 ijayo.

Na gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye nyumba ya kawaida ina mahali pa kutokea. Ikivuja kwenye boti inashuka ngamani na kutulia, kwa sababu boti ni bakuli. Ndiyo maana mitungi inakaa kwenye kasha lake la chuma mbele, kwenye omo, lenye matundu ya kutolea gesi nje juu ya maji. Kasha hilo linajengwa na fundi wa chuma. Si kitu utakachokumbuka kununua baadaye.

Chini ya sakafu kuna farumi, uzito unaoituliza boti isiyumbe. Siku hizi ni matofali magumu au vigae vya zege. Fundi anaipanga boti ikiwa tupu. Ukija kuweka jiko la chuma kulia na tangi kushoto, itainama. Tukaomba sakafu ifungwe kwa skrubu, isigundishwe, na paachwe vifuniko vya kuchungulia. Kijana wa ofisini aliandika ombi hilo bila kuuliza. Fundi mzee, tulipokwenda kuona yadi, alilisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani hiyo ndiyo sifa pekee niliyopewa katika mradi huu mzima.

Kile tulichokiacha

Hela ina mwisho. Kila tiki tuliyoweka chini ya maji ilifuta nyingine juu yake. Hatukuchukua propela ndogo ya mbele ya kusaidia kugeuza boti. Tutajifunza kugeuza kama walivyojifunza wengine, kwa kugonga kingo taratibu. Kikomo cha mwendo ni kilomita 6.4 kwa saa, mtu akitembea kwa haraka anakupita. Hatukuchukua kabati za mwaloni. Betri za bei mbaya na paneli za sola zitasubiri, ila mabomba ya kupitishia nyaya zake yamewekwa tayari, kama unavyoacha nondo zimechomoza juu ya nguzo ukiwa na ndoto ya ghorofa.

Choo kinahitaji aya yake, maana hakuna mada inayowagawa watu wa boti kama hiyo. Kuna choo chenye tangi kubwa, linanyonywa kwa mashine ukilipia. Kuna choo cha sanduku unalolibeba mwenyewe kwenda kumwaga mahali maalumu. Na kuna choo kinachotenganisha haja ndogo na kubwa. Kila kundi linayaona mengine mawili kuwa ya watu wasiostaarabika. Mimi niliyekua na choo cha shimo nyuma ya nyumba, na mtungi wa maji mkononi, mjadala huo haukunitisha. Tukachagua sanduku kwa sababu moja: halihitaji tundu jipya kwenye chuma. Tukichoka nalo tutabadilisha.

Kilichotunyima usingizi kilikuwa malipo. Boti inalipiwa kwa hatua: amana, kisha chuma kikinunuliwa, kisha kikishachomelewa, kisha injini, na kadhalika. Dada mmoja wa Kikenya tuliyekutana naye kwenye gati alilipa hatua tatu kwa mjenzi mmoja, kisha mjenzi akafilisika. Chuma chake kilikuwepo, amekipiga picha, amesimama ndani yake na watoto. Lakini mkataba haukusema ni chake. Akawa mdai kwenye foleni pamoja na kampuni ya umeme na muuza rangi. Baada ya kumsikiliza, tulilipa mwanasheria kabla ya kulipa fundi. Mkataba wetu unasema wazi kwamba kila hatua inayolipwa, kilichojengwa na vifaa vilivyotengwa kwa ajili yake vinakuwa mali yetu, na boti ina namba yake iliyochomelewa mapema. Gharama ya mwanasheria haimo kwenye kurasa nne. Ningekuwa mimi ndiye ninayeichapisha karatasi ile, ningeiweka mstari wa kwanza.

Sheria nayo ina jicho lake. Chini ya kanuni za mwaka 2017 za vyombo vya burudani, boti isiyokamilika inakuja na tamko la mjenzi kuhusu sehemu aliyoifanya yeye. Ukiimalizia mwenyewe kwa matumizi yako ni sawa, ila ukitaka kuiuza kabla ya miaka mitano kupita, utatakiwa kuithibitisha kama mjenzi. Kwa hiyo boma hili linatufunga miaka mitano. Ndoa nyingi zinaanza na ahadi fupi kuliko hiyo.

Mahali pa kulala

Zamani, mifereji hii ilipokuwa barabara za makaa ya mawe, boti nzima ilikuwa ya mzigo. Familia ya nahodha ilikaa kwenye kibanda cha nyuma chenye urefu wa kama mita tatu na upana wa mbili: jiko, meza inayokunjwa, kitanda kinachofunguliwa kutoka kabatini usiku. Reli zilipowanyang'anya biashara na mapato yakashuka, wengi walihamishia wake na watoto majini ili kuokoa kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi. Kwa hiyo kukimbilia mfereji kwa sababu ya kodi si jambo tulilolianzisha sisi. Nikilalamika kwamba mita 17 hazitoshi watu watatu, nawakumbuka wale, nanyamaza.

Lakini sisi si watatu. Mama anakuja. Si lazima mwaka huu, visa ni hadithi nyingine, lakini nyumba yoyote nitakayokaa lazima iwe na mahali ambapo mama yangu atalala bila kujikunja na atashuka bila kuanguka. Ana magoti yanayomsumbua. Kuingia boti hizi ni kushuka ngazi ndogo tatu au nne zilizosimama kama za dari, ukiwa umeinamisha kichwa. Kwa hiyo tulilipia vitu viwili ambavyo kijana wa ofisini alituuliza mara mbili kama tuna uhakika navyo: ngazi za mbele zilizolazwa zaidi, ambazo zinakula sentimita 40 za sebule, na vishikio vya chuma vilivyochomelewa pande zote mbili za mlango. Sebule yenyewe inapungua, lakini kochi litafunguka kuwa kitanda kamili, na ukuta wa kutenganisha na jiko tumeuomba uwe wa mbao unaoweza kusogezwa.

Binti yetu naye alikuwa na ombi. Ukisimama ndani ya boti nyembamba, uso wa maji uko karibu na magoti yako, na madirisha yako juu kiasi kwamba mtoto aliyelala haoni kitu. Yeye alitaka akiwa amelala awaone bata. Dirisha la duara la nane, ambalo halikuwa kwenye mchoro, lazima likatwe kabla ya povu. Bei yake ilikuwa karibu sawa na kile kifaa cha waya wa ardhi, na hela iliyobaki ilitosha kimoja.

Tulizungumza usiku mzima. Kanuni yangu ilikuwa wazi: kwanza kile kisichoonekana. Lakini mume wangu alisema jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Kifaa kile, alisema, kinafungwa kwenye waya na skrubu nne; wanaweza kukiweka hata mwezi wa pili baada ya kuhamia, na mpaka hapo hatutachomeka umeme wa gati, tutatumia injini. Tundu kwenye chuma, ukishapulizia povu, ni basi. Alikuwa ametumia kanuni yangu mwenyewe, na ilimpa mtoto dirisha.

Mchoro wa mwisho tumeusaini Jumanne iliyopita. Kuna duara dogo, limechorwa kwa penseli, juu ya kitanda kilichoinuliwa juu ya droo, upande wa kushoto. Fundi ameandika pembeni urefu wake kutoka sakafuni, na chini ya hapo, kwa mwandiko mwingine, mkubwa na wa kupindapinda, mtu wa miaka sita ameandika jina lake ili pasiwe na ubishi dirisha ni la nani.